Bahasha Juu ya Sufuria

Mama ntilie aliyepanga nyumba moja na mimi aliwahi kuweka bahasha ya ofisi yetu juu ya sufuria la maharage, akaamini kwa moyo wake wote kwamba sasa hakuna mkono wa serikali utakaoligusa. Aliyemfundisha hivyo ni mimi. Tena sikumfundisha vibaya. Nilimfundisha vizuri mno.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika moja la kimataifa upande wa Kinondoni, na nilikuwa nimepanga chumba Temeke. Kazi yenyewe nilijifunza peke yangu. Nilichora vitufe vya taipureta kwenye kipande cha boksi, nikawa nakipigapiga kila jioni mpaka vidole vikajua njia. Kiingereza nilikiokota kwenye kamusi kuukuu iliyochanika kurasa za mwanzo, ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanza na A yananitia wasiwasi. Sikuwa na cheti hata kimoja. Mtu asiye na cheti, ninavyojijua mimi, huamka kila asubuhi akidhani leo ndiyo siku watakayomgundua.

Kwa hiyo nilikuwa mwangalifu kupita kiasi. Ukurasa wenye kosa moja niliuchapa upya wote. Salamu ya mlinzi wa getini niliifanyia mazoezi njiani. Siku moja nilishafika kituoni nikarudi ofisini kuhakikisha kwamba nimeifunika taipureta. Ilikuwa imefunikwa. Nikaifunua, nikaifunika tena.

Katika miaka ile ya milango kufunguliwa, mashirika ya nje yalikuwa yakija mjini moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja na mkataba wake na serikali. Mkataba wa shirika letu ulikuwa umetolewa nakala ya nakala ya nakala mpaka herufi zikafifia kama nyayo mchangani. Bosi wangu, mwanamama wa Kitanzania mwenye miwani ya mnyororo aliyesimamia utawala, alinikabidhi niuchape upya.

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kuchapa sentensi nisiyoielewa. Vidole vinagoma. Basi nikauelewa mkataba ule, kifungu kwa kifungu, na kamusi yangu pembeni. Nikajua kwa nini magari yetu yana namba za peke yake, na kwa nini makasha yetu yanatoka bandarini bila ushuru. Nikajua kwamba jengo la Shirika haliingiliwi: askari haingii, karani wa mahakama haingii, mpaka mkuu wa Shirika akubali. Nikajua kwamba nyaraka za Shirika haziguswi popote zilipo. Na mahali fulani karibu na mwisho palikuwa na maneno yaliyonifanya nisimamishe vidole nikatazama dirishani: kwamba haki zote hizi mtu hapewi kwa raha yake mwenyewe, anapewa ili kazi ifanyike. Wenzangu walipenda taarabu. Mimi niliupenda mkataba ule.

Nyumba niliyopanga ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja mwenyeji wa pwani, na sote tulimwita Bibi. Mumewe, fundi seremala wa Keko, alikuwa amefariki, na Bibi alikuwa ndani ya eda katika chumba cha kwanza mkono wa kulia. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye ndugu yake hamwoni. Nyumba nzima iliishi kwa kuiheshimu eda ile. Mpangaji wetu wa mwisho wa kiume, kondakta mpole kutoka Iringa, alihama mwenyewe wiki ile ya msiba bila kuambiwa na mtu, akaenda kubanana kwa nduguye Tandika. Tukabaki wanawake watupu. Bibi alipotaka jambo aligonga ukuta kwa mwiko, nasi tukaenda kumsikiliza nyuma ya pazia.

Chumba kilichofuata changu ndicho alichokaa mama ntilie. Alitoka kusini, kule kwenye mikorosho, na alikuwa na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuja mjini baada ya kuuza fungu lake la shamba la marehemu baba yake. Shamba lile sasa lilikuwa masufuria mawili makubwa ya aluminiamu, moja la wali na moja la maharage. Alikuwa akiyasugua kwa mchanga na majivu mpaka yanang'aa, na akimaliza huyageuza juani na kuyatazama kama mtu anavyotazama watoto wake wakienda shule. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, pembeni ya barabara: miti minne, turubai, na benchi moja refu.

Kibanda chenyewe hakikumtia hofu. Kibanda kikibomolewa leo, kesho unakata miti mingine. Alichoogopa ni masufuria. Mgambo walikuwa wakipita mara kwa mara kusafisha barabara, na sufuria likishapandishwa kwenye gari lao limekwenda. Mwenzake wa mtaa wa pili alifuatilia lake mpaka akachoka, na sasa alikuwa akiuza maji ya kunywa kwenye ndoo. "Mie wakinichukulia masufuria," aliniambia mara nyingi, "wamenichukulia shamba. Nitarudi kusini nikaseme nini?"

Jioni moja tulikuwa tumekaa uani tukichambua mchele. Aliniuliza kazi ninayofanya huko kwa wakubwa. Mtu mwingine angejibu, "Nachapa barua." Mimi nikaanza kifungu cha kwanza.

"Ngoja," alisema, ungo magotini. "Yaani polisi hawezi kuingia humo?"

"Hawezi, mpaka mkuu aruhusu."

"Hata akiwa na bunduki?"

"Hata akiwa na bunduki."

"Na mgambo je?"

"Wala mgambo."

Aliacha kuchambua. "Na hizo karatasi zenu?"

"Haziguswi. Popote zilipo."

"Popote? Hata zikiwa Temeke?"

Hapa ndipo penye tabia yangu. Ningeweza kucheka tukaendelea na mchele. Lakini aliuliza swali zuri, na swali zuri kulijibu nusunusu naliona dhambi. Nikamwambia kwamba mkataba hautaji mtaa. Zikiwa mezani, zikiwa garini, zikiwa mkononi mwangu, ni nyaraka za Shirika na haziguswi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kumbe unalala na kitu kikubwa hivyo na sie tunakuazima vibiriti tu."

Kutoka ukutani mwiko uligonga. Nikaenda. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi.

"Nimesikia darasa," alisema. "Unafundisha vizuri. Sasa punguza sauti, sijamaliza uradi."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa chumbani kwangu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kuja na ukurasa wa mwisho wa mkataba nyumbani, kwa sababu niliota kwamba nimesahau nukta. Nilikuwa nimeulaza mezani, rula chini ya mstari, nikisoma neno moja moja. Pembeni ilikuwa bahasha kubwa ya kaki yenye nembo ya Shirika.

Nikasikia filimbi nje, kisha kelele ya "Wanakuja!" ikipokezanwa barabara nzima. Kabla sijasimama, mlango wangu ulifunguka kwa kiuno. Mama ntilie aliingia ameshika sufuria la wali kwa kanga, nyuma yake jirani mmoja amebeba la maharage, mvuke umewazunguka kama moshi wa ubani. Wakayatua sakafuni mbele ya kitanda changu. Jirani akakimbia kuokoa vyake.

"Kwa nini kwangu?" niliuliza.

"Kwako ndiyo kwenye kinga."

Akatupa macho chumbani, akaiona bahasha. Akanitolea ule ukurasa mezani, akautia ndani ya bahasha kwa adabu sana, akaiweka bahasha juu ya mfuniko wa maharage, nembo ikitazama juu.

"Mama, hiyo bahasha!"

"Iache hapo hapo. Si ulisema popote zilipo?"

"Nilisema, lakini..."

"Basi zipo hapo." Akatoka koridoni, akasimama katikati, mikono kiunoni.

Kwenye mlango wa mbele alitokea kiongozi wa mgambo, mtu mzima mwenye kofia na filimbi shingoni, na nyuma yake vijana watatu wanaohema. Nje nilisikia miti ya kibanda ikivunjika.

"Mama," alisema, "masufuria yameingia humu. Nimeyaona kwa macho yangu. Yatoe tusisumbuane."

"Hayatoki, afande. Na humu hamwingii. Humu mna kinga ya kimataifa."

Vijana wakaangua kicheko. "Dunia nzima imehamia Temeke leo?" alisema mmoja.

"Cheka tu," mama ntilie alimjibu. "Ukimaliza kucheka utaitwa kwa mabalozi ujieleze. Muulizeni huyu binti, ni mtu wa Shirika. Sema, mwanangu. Waambie ulivyoniambia mie."

Nikatoka. Nilimwamkia, "Shikamoo, afande," akaitikia "Marahaba" na kusubiri. Uso wake haukuwa mbaya, na hilo ndilo lililoniponza. Kama angekuwa mkali, huenda ningekaa kimya. Aliniangalia kama mtu anayetaka kuelewa.

"Kinga ipo," nilianza, "ila kuna mambo ya kutofautisha. Jengo lisiloingiliwa ni jengo la ofisi. Hiki ni chumba nimepanga. Halafu mie ni mtumishi wa hapa hapa nchini, kinga yangu ni kwa yale ninayosema na kutenda nikiwa kazini. Na maharage..." Nilimtazama mama ntilie, nikashindwa kujizuia. "Maharage si kazi ya Shirika."

"Ewe mtoto!" alisema mama ntilie.

"Lakini nyaraka ni kweli haziguswi," nikaongeza haraka. "Hizo popote zilipo."

"Ziko wapi?" aliuliza kiongozi.

"Juu ya sufuria."

Alilifikiri jambo lile kwa haki kabisa. Kisha akasema, "Basi wewe toa nyaraka zako, kwa heshima zote. Sie tutabeba sufuria."

Alikuwa sahihi. Kifungu kwa kifungu, alikuwa sahihi. Mama ntilie aliniangalia kama mtu aliyenunua mwavuli, mvua ikaanza, akaufungua akaona mbingu. Mikono yake ikashuka kutoka kiunoni. Nikaona kwamba yale masufuria, lile shamba la mikorosho, sasa yatatoka mlangoni kwa sababu mimi nimeeleza vizuri.

Kiongozi akainua mguu avuke kizingiti.

Ndipo mwiko ulipogonga ukuta, na kwa nguvu ambayo hatujawahi kuisikia.

Nikaingia kwa Bibi. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso, amekaa wima.

"Nyie wawili hamna akili?" alisema kwa sauti ya chini. "Mnataja dunia nzima huko, mimi niliyemo humu hamnitaji? Nenda kawaambie humu kuna eda. Asivuke mtu."

Ni kweli, hatukumtaja. Mama ntilie ni Mkristo wa kusini, eda aliiheshimu kama anavyoheshimu mtu aliyelala: hupiti kwa kelele, basi. Na mimi nilikuwa nimezama kwenye vifungu vyangu. Nikarudi koridoni nikasema, "Afande, humu kuna eda. Chumba hiki cha kwanza. Mwenye nyumba amefiwa na mumewe."

Mguu wa kiongozi ulikuwa tayari juu ya kizingiti. Aliurudisha nyuma kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Akavua kofia. Vijana wake nao wakarudi mpaka barazani, kicheko kimekwisha.

"Inna lillahi," alisema. "Hatukujua. Mpe pole Bibi. Marehemu alikuwa nani?"

"Fundi seremala wa Keko."

"Mungu amrehemu." Alisimama kidogo akizungusha kofia mkononi. Kisha akasema kwa upole, "Sasa binti, mpelekee Bibi maneno haya kwa adabu. Mie eda naijua, mama yangu aliikaa na sie tukawa tunapita kichwa chini. Sitaingia. Lakini aliyefiwa ni yeye. Masufuria hayakufiwa."

Nikaingia nikayasema yote kama yalivyo, bila kupunguza neno. Nilidhani Bibi atakasirika. Akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika. Tangu msiba sikuwa nimemwona akicheka.

"Amesema hivyo? Mtu wa wapi huyo?"

Nikatoka kuuliza.

"Rufiji," alisema kiongozi.

Nikarudi. "Rufiji."

"Nilijua. Hao wana maneno." Akajipangusa macho, na aliposema tena sauti ilikuwa nyingine. "Mwambie ana haki. Mimi sikukaa humu kuficha sufuria la mtu. Nimekaa kwa ajili ya mume wangu, na mume wangu sitamfanya ngao ya maharage. Mwambie hivyo hivyo."

Nilisimama pale pazia mkononi. Maneno yale nilikuwa nimeyachapa mwenyewe kwa lugha nyingine, karibu na mwisho wa mkataba, yakanifanya nitazame dirishani. Sasa yalikuwa yanatoka kwenye mkeka, kwa mwanamke mwenye tasbihi, na yalikuwa yanampeleka rafiki yangu kwenye hasara. Mama ntilie alikuwa ameyasikia. Kutoka koridoni alilia, "Bibi! Nimekukosea nini mie?"

"Hujanikosea," Bibi alijibu kupitia pazia. "Nyamaza kwanza, sijamaliza." Akanigeukia. "Halafu umwambie hivi. Amefika mlangoni kwa mfiwa, ametoa pole, na jua lenyewe ndilo hili. Hapa kwangu mtu aliyetoa pole haondoki bila kula. Chakula kimeshaiva, harufu tunaisikia. Kama hataki kula, basi na pole yake aichukue."

Nikapeleka. Harufu ya nazi ilikuwa imejaa koridoni, na saa za chakula cha mchana zilikuwa zimefika. Vijana wake walikuwa wakitazamana.

"Afande," mmoja alisema, "tusimvunjie heshima mfiwa."

"Wewe heshima imekushika tumboni," kiongozi alimwambia. Lakini alikaa. Wote wakakaa barazani kwenye mkeka niliowatandikia.

Mama ntilie alikuwa hajaelewa bado kama anapika matanga au anaagana na masufuria yake. Nilimwondolea bahasha juu ya mfuniko. Chini yake palikuwa na duara la mvuke na mafuta, limepenya mpaka kwenye ukurasa wangu, na ninakiri kwamba hata katika saa ile nilisikia uchungu mdogo kifuani. Akapakua. Alipakua kama anavyowapakulia watu anaotaka warudi.

Kiongozi alikula taratibu sana. Katikati ya sahani akasimamisha tonge akalitazama.

"Bibi yenu ananifunga," alisema. "Nikimaliza hii, nitalibebaje sufuria lililonilisha? Na liko kwenye nyumba ya msiba!"

"Basi usimalize," alisema mama ntilie, kwa mara ya kwanza na kicheko kidogo.

"Maharage haya? Nisimalize?" Akaendelea kula. Kisha akaniita. "Binti, mwambie Bibi masufuria nimeyaacha. Lakini kibanda kiko barabarani, na hilo hata yeye analijua. Magari yanapita, watoto wanapita. Nikikiacha leo, kesho atakuja mwingine asiyejua eda wala pole. Na mie siwezi kurudi mikono mitupu."

Nikaingia. Bibi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa. Kibanda kiende. Huyu atapika ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha langu, ndani ya kiwanja changu. Huko barabara haifiki."

Nikatoka nikasema. Mama ntilie akaruka. "Ubavuni? Kwenye uchochoro? Nani ataniona huko? Mie wateja wangu wananiona kutoka ng'ambo!"

Nikaingia nikasema. Bibi akajibu, "Mwambie harufu haina uchochoro."

Nikatoka nikasema. Kiongozi akagonga sahani kwa kidole, akakubali kwamba ni kweli. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa ameisikia kutoka kwenye gari.

Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka kanga ikaloa jasho. Cha ajabu, mimi niliyeogopa kumsalimia mlinzi wa getini, wakati ule sikuogopa. Sikuwa na maneno yangu mwenyewe ya kukosea. Nilibeba ya watu, nikayafikisha mazima, nikarudi kuchukua mengine.

Mwishowe ikawa hivi: masufuria yakabaki. Miti na turubai vikapandishwa garini, na benchi pia. Kwa masufuria mama ntilie hakutoa chozi. Kwa benchi alilia. Marehemu mume wa Bibi ndiye aliyemtengenezea, kwa mbao alizorudi nazo kutoka Keko, na alimsihi kiongozi amwachie. Kiongozi alilitazama benchi, akautazama mlango wa Bibi.

"Mama, nipe kitu kimoja cha kuonyesha," alisema. "Nikirudi na miti peke yake wataniuliza nilikuwa nawinda kuni?"

Benchi likaenda. Kabla ya kupanda gari alirudi mpaka kizingitini, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kutosha kupita pazia, "Bibi, Mungu akupe subira." Kutoka ndani Bibi akaitikia, "Amin." Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana wenyewe.

Jumatatu nilifika ofisini mapema kuliko mlinzi wa zamu ya asubuhi, nikauchapa upya ukurasa wenye duara. Ule wa zamani nilitaka kuufanya vipandevipande, lakini bosi alinikuta nao. Akauinua puani.

"Mbona unanukia nazi?"

Nikamweleza yote, kifungu kwa kifungu. Nilikuwa na hakika kwamba ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja, ya kugunduliwa. Alivua miwani ikaning'inia kifuani kwa mnyororo wake.

"Nyumbani usirudi tena na karatasi," alisema. "Na masufuria?"

"Yapo."

"Alhamdulillahi," alisema, na yeye ni Mlutheri.

Wiki ile mama ntilie alianza kupika ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha la Bibi lililofungwa. Siku za mwanzo hakuuza. Alikaa kwenye kigoda akisema na masufuria yake kwa kilugha cha kwao, na mimi nikitoka kazini nilipita kwa kunyata. Kisha vijana wa gereji wakaifuata harufu. Kisha wapasua mbao. Wakawa wanakula wamesimama au wamechuchumaa, wakizozana juu ya mpira, mishahara iliyochelewa, na wanawake, mpaka mmoja alipokumbushwa kwamba nyuma ya dirisha lile kuna eda. Wakapunguza sauti, na mambo ya wanawake wakayaacha. Bibi aliniambia baadaye kwamba hilo lilimsikitisha kidogo. Hadithi moja waliiacha katikati.

Kwa sababu alikuwa akisikia yote. Siku zake zilizokuwa za ukuta na tasbihi sasa zilikuwa na watu ndani yake. Alijua nani ana deni la unga na nani mkewe amejifungua. Alijua pia, kwa pua, kila kilichokuwa kikiendelea jikoni, na kwa vile mimi nilikuwa nimeshazoeshwa njia, aliendelea kunituma.

Jumamosi moja mwiko uligonga wakati ndiyo kwanza wateja wamejaa. Nikaingia.

"Kamwambie maharage ya leo ameyatoa mapema," alisema Bibi. "Kunde za mgonjwa zina afadhali. Na nazi ameikamua kama anaionea huruma."

Nikazunguka ubavuni. Mama ntilie alikuwa amepinda juu ya sufuria, jasho linamtoka, vijana wawili wanadai sahani, na moshi unamwingia machoni.

"Bibi anasemaje?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Nilikuwa na maneno yote tayari, kwa mpangilio, na la kunde na la huruma. Nikamtazama.

"Anasema nazi iongezwe kidogo kesho," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

Akanyoosha mgongo, akajifuta uso kwa mkono, akaniambia jambo la kumpelekea Bibi kuhusu watu wanaokaa ndani wakionja kwa pua. Lilikuwa refu, na lilimgusa na mama yake Bibi. Vijana wakashangilia. Nikarudi ndani polepole kuliko kawaida, nikasimama mbele ya pazia.

"Amesemaje?" aliuliza Bibi.

"Amesema amesikia."

Bibi alinitazama, tasbihi imesimama kidoleni. Na yeye masikio yalikuwa mazima, na dirisha lilikuwa la mbao nyembamba.

"Mpe salamu," alisema.

Nikatoka kumpelekea.